Kadi Iliyokuwa Katika Daftari la Dorika

Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, Mzee Kibii aligonga dirisha la mjukuu wake kwa fimbo, mara mbili tu. Hakugonga mara ya tatu. Kwake, mtu aliyelelewa vyema huamka kabla ya kugongewa tena.

Cheptanui alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alikuwa katika Gredi ya Sita. Aliishi na babu yake kwenye milima ya Olenguruone, kwa kuwa mama yake alifanya kazi katika shamba la maua karibu na Naivasha na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kumshikia babu ndoo wakati wa kukamua, kisha kubeba mtungi wa maziwa hadi kituo cha maziwa kilichokuwa juu ya kilima. Kazi hiyo aliifanya tangu akiwa na miaka kumi, na zamani aliipanda njia hiyo huku akiimba.

Siku hizi hakuimba. Alipofika kwenye mkuyu wa njia panda aliuweka mtungi chini, akainama, akashika magoti. Moyo ulimpiga kana kwamba alikuwa amekimbia. Akapumzika, akapanda hatua ishirini, akapumzika tena. Maziwa yalifika yakiwa yamechelewa, naye akafika shuleni akiwa amechelewa zaidi.

"Sasa, Bibi Usingizi!" Shantel, jirani yake wa dawati, alimsalimu. "Leo utalala somo la ngapi? Nikuwekee mto?"

"Niache, Shantel. Nimechoka tu."

"Umechoka na nini, na jua ndilo linachomoza? Wewe ni kama simu yenye betri mbovu. Inachajiwa usiku kucha, asubuhi imezima!"

Darasa likacheka. Cheptanui naye alicheka kidogo, kwa kuwa kunyamaza kungemuumiza zaidi. Kufikia somo la tatu, kichwa chake kilikuwa juu ya kitabu.

Mwalimu alipoandika barua nyumbani, Mzee Kibii aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Katika nyumba hii," akasema polepole, "hajawahi kulelewa mvivu. Baba yangu hakuwa mvivu. Mama yako si mvivu. Wewe umeutoa wapi uvivu huu?"

"Babu, mimi si mvivu. Miguu ni mizito."

"Miguu huwa mizito kwa mtu asiyetaka kwenda."

Neno lile lilibaki ndani ya Cheptanui. Alianza kujiuliza kama kweli alikuwa amegeuka kuwa mvivu bila kujua, kama vile mtu anavyoweza kunenepa bila kujua. Hilo lilimtisha kuliko uchovu wenyewe.

Mzee Kibii alikuwa mkali, lakini hakuwa dhalimu. Jumatatu iliyofuata alimpeleka kwenye zahanati. Muuguzi, Sista Achola, alimchoma kidole Cheptanui, akaitia damu kwenye kifaa kidogo, akasubiri.

"Kiwango cha damu yake ni kumi na mbili nukta tatu," Sista alisema. "Iko ndani ya kiwango cha kawaida, ingawa iko karibu na mpaka wa chini. Nisingependa kumpa dawa kwa kubahatisha. Mzee, ana kipimo cha zamani, cha wakati alipokuwa na afya nzuri?"

"Hana," akajibu Mzee Kibii kwa fahari. "Mjukuu wangu hajawahi kuugua. Mtu asiyeumwa apimwe damu ya nini?"

"Apimwe ili tumjue, mzee. Basi mleteni tena baada ya wiki mbili, tumtazame upya."

Mzee Kibii alikuwa amesikia maneno machache tu: ndani ya kiwango cha kawaida. Walipofika nyumbani alisema, "Umesikia mwenyewe. Damu yako ni ya kawaida. Kesho utaamka kabla sijagonga."

Cheptanui akaamka kabla babu hajagonga. Aliamka hivyo siku tatu. Siku ya nne alianguka na mtungi karibu na mkuyu, maziwa yakamwagika kwenye nyasi, akakaa kando yake bila nguvu hata za kulia.

Jioni ya siku hiyo hiyo kulikuwa na msiba mwingine zizini. Dorika, ng'ombe ambaye Mzee Kibii alimpenda kuliko wote, alitoa lita kumi na moja kwa siku badala ya kumi na nne zake za kila siku. Mzee alikuwa na daftari ambamo kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake, na kila siku ilikuwa na mstari wake. Alilifungua, akatazama, akafunga, akamwita daktari wa mifugo kwa simu.

Jirani yao Kiprugut, aliyekuwa amesimama kwenye ua, akacheka hadi akashika kofia.

"Mzee, unamwitia daktari ng'ombe wa lita kumi na moja? Wangu anatoa nane, na kanisani ninamshukuru Mungu!"

"Ng'ombe wako ni ng'ombe wako," Mzee Kibii akajibu bila kutabasamu. "Mimi simpimi Dorika kwa ng'ombe wa watu. Nampima kwa Dorika wa jana. Kumi na moja ni nyingi kwako. Kwake ni ugonjwa."

Daktari wa mifugo alipofika kesho yake, Jumamosi mchana, alikikanda kiwele, akakubali kwamba ugonjwa wa kiwele ulikuwa umeanza. "Umeniita mapema, mzee. Wiki moja zaidi na tungepoteza chuchu. Lakini kabla sijachagua dawa, niambie: ana mimba? Alipandishwa lini?"

"Tarehe niliiandika. Cheptanui! Niletee kadi iliyo kwenye ukurasa wa Dorika."

Cheptanui alilifungua daftari mezani. Kadi ilikuwa pale, na juu yake mwandiko wa babu ulionyooka kama uzi: Dorika, amepandishwa tarehe 3 Machi. Alipoichukua, aliona kwamba kulikuwa na maandishi upande wa pili. Akaigeuza.

Lilikuwa jina lake. Mwaka uliopita wahudumu wa afya walikuja shuleni, wakawapima wanafunzi wote, na kila mmoja akapewa kadi ya kupeleka nyumbani. Babu alikuwa ameichukua kadi ile kwa kuwa karatasi yake ilikuwa ngumu na safi. Chini ya jina palikuwa na tarehe, na kando ya neno damu: kumi na nne nukta tisa.

Kumwambia babu kwamba amekosea hakukuwa jambo dogo katika nyumba ile. Lakini Cheptanui alikuwa amechoka mno, na uchovu ule ulimwondolea hata woga.

Akampa daktari tarehe ya Dorika. Daktari alipokwisha kumdunga Dorika sindano na kuondoka, Cheptanui akampa babu kadi, upande wa jina lake ukiwa juu.

"Babu, mwaka jana nilikuwa kumi na nne nukta tisa. Sasa ni kumi na mbili nukta tatu." Akameza mate. "Ulisema humpimi Dorika kwa ng'ombe wa watu. Mimi nimepimwa kwa nani?"

Mzee Kibii aliitazama kadi. Akaigeuza, akaona mwandiko wake. Akaigeuza tena. Ghafla alionekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi, akaketi kwenye kigoda cha kukamulia.

"Umepimwa kwa watu," akasema hatimaye. "Vaa viatu. Zahanati haijafungwa."

Sista Achola alipoiona kadi hakulaumu mtu. "Hiki ndicho nilichokuwa nikitafuta. Kushuka hivi si jambo dogo." Alichukua damu nyingine, ikapelekwa maabara Nakuru, na baada ya siku chache jibu likaja: madini ya chuma yalikuwa yamepungua sana mwilini. Alimpa vidonge, akawaeleza: Cheptanui alikuwa akirefuka haraka, nyama ilikuwa ya sikukuu tu, na kila mlo aliuteremsha kwa chai nzito, ambayo huzuia mwili usichukue chuma kutoka kwenye chakula. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya kula. Maharagwe, mboga za kijani na machungwa yawe mezani.

Uchovu haukuondoka kwa siku moja. Uliondoka polepole, kama ukungu wa msitu wa Mau, hata hakuna aliyejua ni asubuhi gani hasa ulipokwisha. Baada ya miezi mitatu kipimo kilisoma kumi na nne nukta saba, na Shantel akalalamika kwamba sasa Cheptanui anajibu maswali yote na kumnyima mtu usingizi.

Siku ya kipimo hicho Mzee Kibii naye alikunja mkono wa shati lake. "Nipime," akamwambia Sista. "Siumwi popote. Ndiyo sababu." Akatazama ukuta mpaka sindano ilipotoka.

Nyumbani alifungua daftari jipya, akampa Cheptanui kalamu.

"Andika. Ukurasa wa kwanza, jina lako. Wa pili, mama yako. Wa tatu, mimi. Kila mwaka, tukiwa wazima, tutapimwa na kuandika. Ng'ombe wana daftari lao." Maneno yaliyofuata hakuwa amezoea kuyasema. "Nilikuita mvivu, nawe ulikuwa mgonjwa. Nilijua lita za Dorika, sikujua damu yako. Kiwango cha kawaida ni cha watu wote, mjukuu wangu, lakini afya ni ya mtu mmoja. Asiyejua alivyokuwa akiwa mzima hawezi kujua siku alipoanza kuugua."

Kesho yake, saa kumi na moja, Mzee Kibii alipoinua fimbo agonge dirisha, Cheptanui alikuwa tayari zizini na ndoo. Walipokwisha kukamua, mzee alisikia wimbo. Ulitoka juu ya kilima, ng'ambo ya mkuyu, na haukusimama kupumzika.