Ramani ya Pili

Faris alimpiga Zakiya kikumbo penye vibanda vya samaki, sokoni Malindi, kapu la ndimu likamwagika. Faris alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikakakamaa. Zakiya alikuwa na buibui, na leso ya manjano begani. Waliokota ndimu bila kutazamana, mpaka vidole vikagusana.

"Zakiya! Laazizi, mbona simu zangu hupokei?"

"Nimeziona. Kisima chako cha Dabaso kinasemaje?"

Faris aliirudisha ndimu kapuni. "Chumvi tupu."

"Pole," alisema Zakiya, na moyoni akasikia utamu kama wa halua.

Neno hilo la chumvi alilingoja mwaka mzima. Walipokuwa wachumba, Zakiya alipima maji ya visima vichache vya pwani hii, kisha akakadiria kwa hesabu yaliyo katikati ya visima hivyo, kwa kuwa visima jirani hufanana, na ukienda mbali mfanano hupungua. Akachora ramani mbili. Ya kwanza ilionyesha palipo na maji matamu. Ya pili ilionyesha mahali ambapo ile ya kwanza haistahili kuaminiwa.

Faris aliichukua ya kwanza, akaitia jina lake, akapigiwa makofi kazini. Ya pili aliicheka: "Nani atanunua shaka?" Zakiya alimrudishia pete. Na aliposikia mtambo wa kuchimba unapelekwa Dabaso, pale ambapo ramani ya pili ilikuwa nyeusi tititi kwa shaka, alinyamaza.

"Njoo alasiri," alimwambia sasa. "Nitakupikia chai."

Akaja mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea!" Mama yake Zakiya akawaachia baraza.

Zakiya alimimina chai, iliki ikanukia. Faris akapiga funda, uso ukamkunjamana.

"Zakiya! Chai gani hii?"

"Ya maji ya kisima chako. Niliyateka mwenyewe. Niliwakuta kina mama wa Dabaso wakirudi na ndoo tupu, mmoja akaniuliza, 'Ramani ile kachora nani?' Nikaona haya kujibu. Kunywa, habibi. Mimi nimemeza uchungu wako mwaka mzima."

Faris alikinywa kikombe chote, machozi yakamlengalenga. "Nimestahili. Nisamehe."

"Kikombe hicho kilikuwa cha deni langu. Cha deni la Dabaso bado. Simama mbele yao, utaje aliyechora, useme na ulichokitupa. Ndipo nitakupa ramani ya pili, mkachimbe panapofaa."

Ijumaa, baada ya swala, simu ya Zakiya ililia. Faris, akiwa mbele ya watu wa Dabaso, hakumsemesha, aliinua simu yake juu ili asikie.

"Ramani ni ya Zakiya binti Sufyan," aliwatangazia. "Mimi niliiiba. Na ile iliyotuonya niliicheka."

"Mwizi mkubwa, na kanzu yako nyeupe!" mwanamke mmoja alimpigia kelele. Kicheko kikavuma. Zakiya alikisikiliza mpaka kikaisha, asikose hata kidogo.

"Umesikia, moyo wangu?"

"Nimesikia. Ramani nitaileta mwenyewe kesho."

"Na nikituma wazee walete posa tena?"

Zakiya alijifunika uso kwa leso, ingawa hakuwapo wa kumwona.

"Kwako wewe nimepima kisima kimoja tu kitamu, Faris, nacho ni cha leo. Chimba vingine kwanza."

Lakini simu hakuikata.