Kasha Lililovuta Pumzi

Du.

Mara moja tu. Haukuwa mlango, haikuwa radi, wala hakuwa paka juu ya bati. Ulikuwa mlio wa chini, mzito, ule ambao haupokelewi na sikio bali na kifua. Glasi ya maji pembeni ya kitanda ilitetemeka, kisha ikatulia.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona.

"Lala," fundi alimjibu, huku mguu mmoja ameshauweka sakafuni.

Sebuleni alilikuta kasha la spika pale pale alipoliacha, chini ya dirisha. Plagi yake ilikuwa juu ya mkeka, mbali na soketi. Aliichomoa mwenyewe kabla ya kulala. Na mbele ya kasha, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwa ameketi mama yake mzazi, mwanamke ambaye kwa miaka miwili hakuwa amesikia hata mlango ukibamizwa. Nyayo zake zote mbili zilikuwa juu ya kasha.

Alimtazama mwanawe midomo, maana siku hizi ndiko alikosikilizia.

"Ni wewe uliyekuwa unabisha?" aliuliza.

Fundi alitikisa kichwa.

"Basi kuna mtu anabisha."

Mambo haya yalianza kwa nia njema, kama yanavyoanza mengi yanayoharibika.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa redio. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta na rafu zilizojaa maiti za televisheni. Watu walimwita Fundi Besi, kwa sababu zamani hakuwa na mpinzani katika kufunga muziki kwenye magari. Gari lililopita mikononi mwake ulilijua kabla hujaliona. Lakini miaka tisa ilikuwa imepita hajafunga spika hata moja garini. Wateja wakija, aliwaambia mgongo wake haukubali tena kuingia chini ya dashibodi. Walicheka, wakaenda kwingine, na jina likabaki.

Mama yake alipenda nyimbo za redioni kuliko chai ya asubuhi. Kusikia kulipoanza kumtoka, kulimtoka taratibu, kama maji kwenye ndoo yenye ufa. Alisogeza kiti karibu na redio. Kisha akaliegemeza sikio kwenye redio. Kisha siku moja akaizima, akaifunika kitambaa. Akawa anakaa tu. Chakula akawa anakiacha nusu, halafu robo tatu.

"Mama anakondeshwa na ukimya," mkewe fundi alisema. "Usipofanya kitu tutamzika akiwa mzima."

Siku moja jirani yao, mshona nguo, alipowasha jenereta nyuma ya ukuta, fundi aliona kidole gumba cha mguu wa mama kikiinuka na kushuka, kikiinuka na kushuka.

"Kuna ngoma wapi?" mama aliuliza. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Hapo hapo fundi aliamua. Masikio yakifunga, yeye atapitia miguuni. Spika za nyumbani alizokuwa nazo zilikuwa za kunong'ona tu, hazitikisi hata vumbi. Alihitaji sabufa ya gari, ile spika ya milio mizito, ya inchi kumi na mbili, yenye sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Sasa, sabufa ya gari imezoea umeme mdogo wa betri na chumba kidogo chenye milango minne. Ukitaka kuileta sebuleni lazima uidanganye. Unaipa amplifaya ya gari, unailisha amplifaya hiyo kwa pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, ya kompyuta kuukuu, unaijengea kasha la mbao lisilovuja hewa, ili idhani bado iko kwenye buti la gari, bado iko safarini.

Na fundi alikuwa nayo moja. Ilikuwa nyuma ya televisheni zote, ndani ya gunia lililofungwa mafundo matatu.

Ilikuwa ya mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kichekesho. Fundi ndiye aliyemfungia muziki kwenye gari, akauweka sawa kwa mikono yake. "Kaka, ongeza kidogo," kijana alisema. Fundi akaongeza. "Kaka, ongeza kidogo." Akaongeza tena. Alasiri ya siku ile ile, saa kumi kasoro robo, kwenye njia panda, dereva wa lori alipiga honi mara tatu. Wenye maduka walisikia. Waliokuwa ndani ya nyumba walisikia. Mtu mmoja tu hakusikia.

Nyumbani, fundi alisema breki zilikatika. Na kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajaja kulichukua gari, alikwenda peke yake, akaing'oa sabufa na kuificha, kama mtu anavyoficha kisu.

Baada ya maziko mama alitoa amri moja. Jina la marehemu lisitajwe ndani ya nyumba ile.

"Nikilitaja nitakuwa namwita," alisema. "Asipokuja, nitakufa. Na akija..."

Akainuka, akafunga mlango.

Shida ni kwamba jina lenyewe lilikuwa neno la kawaida, la kila siku. Baba yao alikuwa amepotelea safarini kwa miezi kadhaa, akatokea mlangoni siku ile ile mtoto alipozaliwa, na mtoto akapewa jina la tukio hilo. Anayeaga hulihitaji neno hilo, na anayesubiri hulihitaji. Tena ni neno lenye sura mbili: linaita, na neno hilo hilo linafukuza, kutegemea umesimama wapi unapolisema. Nyumba nzima ilijifunza kulizunguka, kama watu wanavyozunguka kisima kilichobomoka uani. "Utakuja tena saa ngapi?" walisema. "Sufuria ya jirani ipeleke ilikotoka." Mkewe fundi, alipoolewa, alidhani ukoo mzima una kigugumizi.

"Na mimi mmeshaniambukiza," alimtania mumewe. "Jana nimemwambia jirani, mwiko wako umeamua kuja kwenu tena. Kanitazama kama nimetoroka wodini."

Kasha lilimchukua fundi siku tatu. Alikata mbao, akaziba kila kiungo kwa gundi, akatandika sponji ndani. Kisha akapima spika, kama afanyavyo kila fundi: ukigusisha betri ndogo kwenye nyaya zake, chanya kwa chanya, ile karatasi nene ya mbele huruka nje, husukuma. Ukizigeuza nyaya, karatasi huzama ndani, huvuta. Ya kwake iliruka nje. Akafunga skrubu zote nane.

Siku ya kwanza nyumba ilikuwa sherehe. Mama aliweka nyayo juu ya kasha, akafumba macho, akapiga goti kwa kiganja, na hakukosea pigo hata moja. Siku hiyo alimaliza sahani, akaomba nyongeza.

"Fundi," jirani aliita kutoka upande wa pili wa ukuta, "vikombe vyangu vinahama kabatini. Vikifika kwako nipe taarifa."

Wiki ilipita hivyo. Kisha mkewe, akifagia sebule, aliokota kitu chini ya kasha. Punje za kioo. Ndogo, za mraba, kama chumvi ya mawe.

"Nani kavunja glasi?" aliuliza.

Hakuna aliyevunja. Fundi alizichukua, akazitia mfukoni. Vioo vya aina ile havitoki kwenye glasi. Ni vya dirisha la gari.

Kesho yake zilikuwepo nyingine.

Alasiri moja mama alimwita kwa mkono. Muziki ulikuwa umezimwa.

"Huyu anapumua," alisema.

"Nani, Mama?"

"Huyu wa ndani."

Fundi alipiga magoti, akaweka kiganja mbele ya spika. Karatasi ilikuwa imezama ndani. Ikakaa hivyo muda wa pumzi moja ndefu. Kisha ikaachia. Kisha ikazama tena.

Alikagua nyaya. Zilikuwa zimegeuka: chanya kwa hasi, hasi kwa chanya. Akazipanga upya, akazifunga kwa utepe mweusi. Asubuhi zilikuwa zimegeuka tena, na utepe haukuguswa.

Usiku wa siku hiyo ndipo ulipokuja ule mlio mmoja.

Kulipokucha fundi hakwenda karakana. Alizunguka kasha mpaka saa za alasiri, akikumbuka alichoambiwa na aliyemfunza kazi: spika na maikrofoni ni ndugu wa tumbo moja, ukiigeuza spika, inakuwa sikio. Mwishowe aliondoa amplifaya, akaunganisha nyaya za sabufa kwenye kifaa chake kidogo cha kupimia na kukuzia sauti, akavaa hedifoni. Mama alikuwa kitini, nyayo juu ya kasha. Nje kulikuwa na jua kali. Cherehani ya jirani ilikuwa inakimbia.

Mwanzoni hakukuwa na kitu.

Kisha, tiki. Tiki. Tiki. Indiketa ya gari.

Upepo wa dirisha lililo wazi.

Honi, mbali.

Honi, karibu.

Alisubiri ya tatu. Haikuja. Ilikuja sauti, iko karibu kabisa, imejaa kicheko:

"Kaka, ongeza kidogo."

Alizing'oa hedifoni. Ukutani saa ilisema kumi kasoro dakika ishirini. Alikwenda jikoni, akaja na nyundo.

"Mama, toa miguu."

Mama aliisoma midomo yake, kisha akaitazama nyundo. Hakutoa.

"Mama, nakuomba. Hiki kitu si cha kukaa nyumbani. Ni cha..." Alishindwa. Akaketi chini, kama mtoto, ili mama aweze kumwona mdomo vizuri. "Hazikuwa breki, Mama. Ni mimi. Nilimfungia muziki mkubwa, akasema niongeze, nikaongeza. Lori lilipiga honi. Hakusikia. Hii ndiyo spika yake."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

Mama akauweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa jikoni alipopita. Masufuria yaliimba. Nikasema, huyu mtoto leo hata nikimwita hatanisikia. Na nilitaka kumwita, mwanangu. Nilitaka kumwambia asiende. Nikaona nitamwaibisha mbele ya wenzake."

Kasha likapiga. Du. Plagi ilikuwa mkekani.

"Miaka tisa," mama alisema. "Hakuna aliyemwita. Ndiyo maana hajui aelekee wapi."

Kasha lile lipo mpaka leo chini ya dirisha lile lile. Halijalia tena, na vioo havijaonekana tena. Fundi aliwahi kulifungua mara moja tu, kuondoa nyaya. Ndani, kwenye sponji aliyoitandika mwenyewe, kulikuwa na alama ya kiganja kikubwa cha kulia, kimegandamizwa kwa nguvu, kama mtu aliyejishikilia wakati gari linapokata kona. Fundi aliweka kiganja chake juu ya alama hiyo. Vidole vya ile alama vilikuwa virefu kuliko vyake. Na sponji ilikuwa na joto.

Mama bado yupo. Anakula. Saa kumi kasoro robo, kila alasiri, huweka vikombe viwili vya chai mezani na hunywa kimoja. Mkewe fundi huapa kwamba alasiri ile mama alimfukuza. Jirani, aliyesikia kupitia ukutani, huapa kwamba alimwita. Fundi hasemi lolote, kwa kuwa alikuwa karibu kuliko wote na hakuweza kujua.

Alichoona ni hiki. Alasiri ile ya nyundo, saa kumi kasoro robo ilifika. Mama aliteremka kitini, akapiga magoti mbele ya kasha, akaushika ukingo wa spika kwa mikono miwili kama mtu anavyoshika uso. Karatasi ikazama ndani, ikavuta pumzi, ikaishikilia. Ikasubiri. Mama akasogeza mdomo mpaka ukagusa vumbi la spika, na kwa sauti ya mzazi aliyesimama mlangoni, akasema:

"Rudi."