Kisu Kilichopanda Ndege

Begi lilikuwa limechanwa upande wa chini, mchano mmoja ulionyooka. Kufuli halikuguswa. Bahasha ya hati za shamba la kijijini Mwandoya haikuwamo.

Inspekta Georgina aliinuka sakafuni, akajipangusa magoti. Nyumba na begi vilikuwa vya Nyamizi, mjane wa Malimi, hapo Bariadi mjini. Jana yake yeye na shemeji yake, Masele, mdogo wa marehemu, walikuwa wameileta bahasha hiyo kutoka kwa wakili, Dar. Wakili aliifunga kwa lakiri, akaagiza ifunguliwe Jumapili mbele ya ukoo.

"Mwangaluka, afande," Masele alimsalimia kwa Kisukuma kutoka mlangoni, akimenya chungwa kwa kisu. "Hapa mnapoteza muda. Hao ni wapakiaji mizigo wa uwanja wa ndege."

"Wewe uliligusa begi?"

"Hata kwa kidole! Lilipimwa, kilo ishirini na tatu, likaenda chini ya ndege. Mimi nilipanda na mkoba wangu wa kilo saba tu."

"Mzigo mwingine?"

"Sikuwa nao. Tukatua Mwanza, tukaja hapa moja kwa moja. Sijatoka tena."

Georgina alitazama ganda la chungwa likining'inia.

"Kisu kizuri. Umekinunua wapi?"

"Kariakoo, wiki iliyopita, safari hii hii."

"Mkoba wa mkononi hupita kwenye mashine, bwana Masele. Kisu hawakiachi. Hiki kilipitaje?"

Chungwa likaacha kuzunguka.

"Mama Nyamizi, ulimbebea kisu?" Georgina alimuuliza mjane, aliyekuwa amesimama kando ya begi.

"Hapana, afande. Ndiyo kwanza nakiona."

"Basi kilisafiri kwenye mfuko wa nje wa begi lako, usio na kufuli." Georgina alikipokea kwa kitambaa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye bawaba ya kukunjia palikuwa pamenasa uzi wa buluu, rangi ya begi. "Anayesema hakuligusa ndiye aliyekitoa."

Masele alikaa chini kwa kishindo.

"Nilikitia tukiwa kwenye foleni, shemeji alipokwenda kununua maji. Jana alipokuwa anaoga nikakitoa. Nilitaka kisu changu tu, afande. Kikiwa mkononi, nikaikumbuka bahasha."

"Uliitakia nini?"

Alimgeukia Nyamizi. "Watu wanasema unauza shamba. Baba amelala pale. Mnunuzi atapitisha trekta juu ya kaburi."

"Nani kasema nauza? Mbona hukuniuliza, shemeji?"

"Ningekuuliza kama nani? Jina langu haliko popote."

Bahasha ilikutwa uani, ndani ya gunia la mbegu za pamba, lakiri ikiwa nzima. Nyamizi hakungoja Jumapili; aliifungua mbele ya inspekta. Zilikuwa hati mbili; Georgina akazisoma kwa sauti. Malimi alikuwa amegawa shamba kabla hajaugua: upande wa kisima kwa mkewe, na upande wa kaburi, ekari sita, kwa mdogo wake Masele.

"Nisomee tena, afande," alisema Masele.

Georgina akarudia, polepole, jina kwa jina.

Masele aliinuka, akanyoosha mikono yote miwili kabla hajaambiwa.

"Twende," alisema. "Shemeji, Jumapili usinifichie aibu hii. Waambie ukoo ni mimi niliyeiba."