Nne Kwenye Kisanduku cha Lango

Ndovu alikuwa amesharudi mbugani. Alichoacha kijijini Mraru ni ua wa umeme uliolazwa chini, mahindi yaliyopondwa, na mwili wa Tryphena uliofunikwa leso mbili kwa sababu moja haikutosha.

Inspekta Zaitun Mbaruk aliutazama mwili, kisha akautazama umati. Watu hawakuwa wakilia. Walikuwa wakimtaka Sylus, mlinzi wa lango, aliyepaswa kuwasha kila jioni king'ora cha kuonya ndovu wakija. Sylus huyo huyo alikuwa mwana wa marehemu.

"Afande, niliwasha," Sylus alisema, wakiwa wamemficha ndani ya gari la polisi. "Nadhani niliwasha. Lango lilikataa kujifunga, nikampigia fundi Morris akalifunga kutoka ofisini. Sikusikia kitu mpaka asubuhi. Ama ni mimi nimeua mamangu?"

Zaitun alikuwa na hasira, na bado hakujua ammwagie nani.

Kisanduku cha mitambo kilikuwa kizima kwenye nguzo ya lango. Kioo chake kidogo kiliwaka kikionyesha nambari moja tu: 4.

Sylus alipelekwa seli ya kituo cha polisi Voi. Morris, fundi wa kampuni iliyoweka ua huo, alifika huko na shati lililopigwa pasi vizuri.

"Hiyo nne ni nini?" Zaitun aliuliza.

"Ni hali ya lango, Madam. Nambari ni moja lakini inabeba mambo manne. Umeme ukiwepo, moja. King'ora kikiwa kimewashwa, mbili. Lango likifungwa, nne. Betri ikiwa na chaji, nane. Unajumlisha. Kila kitu kikiwa sawa unapata kumi na tano."

"Kwa hivyo nne peke yake?"

"Lango limefungwa. Umeme hakuna, king'ora hakuna. Sylus alizima. Hawa walinzi wanapenda usingizi."

Alisema hivyo bila kupepesa macho. Zaitun alikunja ngumi chini ya meza.

"Na betri?"

"Betri?"

"Nane haimo. Nambari yako yasema betri imekwisha. Tumeipima, imejaa. Na kile kioo kinawaka kwa nguvu gani? Kwa mate yako?"

Morris aliangalia mlango.

"Mlinzi aweza kuzima umeme. King'ora pia. Betri haina swichi, iliyojaa ataikaushaje? Basi havikuzimwa kwa mkono. Vilifutwa pamoja. Nani hutuma nambari kwenye kisanduku?"

"Ofisi."

"Ofisi ni nani?"

"Madam..."

"Ni nani, wewe?"

"Ni mimi."

Yakatoka yote. Jioni ile kisanduku kilikuwa na kumi na moja: umeme, king'ora na betri. Kulifunga lango kulihitaji kuyaacha hayo matatu yasiguswe, kisha kuongeza nne tu, iwe kumi na tano.

"Niliandika nne juu ya yote, umeme na king'ora vikazimika," Morris alisema. "Ilitokea hivyo kwenye lango la Mbololo pia. Hakuna mtu aliumia, nikarekebisha kimyakimya."

"Ulijua. Ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeambia wakubwa mtambo hauna kasoro. Walikuwa wananipandisha cheo. Ningesema, ningeonekana sijui kazi."

"Na leo?"

"Nilipoona ile nne, nikaona nikimtaja Sylus, mambo yataisha."

Zaitun aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mama wa watu yuko mochari! Mwanawe yuko seli, ajiita muuaji! Na wewe ukapata nafasi ya kupiga pasi shati!"

Alimkokota kwa kiwiko hadi seli.

"Mwambie mwenyewe."

Morris aliongea akitazama sakafu.

"Mtazame mtu!"

"Sylus, king'ora kilikuwa kimewaka. Ni mimi nilikifuta nikifunga lango."

Zaitun alimfungulia Sylus, akamsukuma Morris ndani mahali pake. Sylus hakumrukia. Alibaki amesimama mlangoni, ameshika vyuma.

"Afande, kwa hivyo nilikuwa nimewasha?"

"Ulikuwa umewasha, mwanangu."

Tangu asubuhi Sylus hakuwa ametoa chozi. Sasa alikaa chini pale pale, akaanza kumlilia mamake.