Wiki Aliyoisahau Sindano

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Viwili."

"Angalia vizuri."

"Viwili, Plasta. Usinichoshe."

Vilikuwa vitatu. Muuguzi alishusha mkono taratibu, akageuka kuangalia uwanjani ili asionekane uso.

Dakika tano nyuma, mpira mgumu kama jiwe ulikuwa umetoka kwenye gongo la mwenzake, ukadunda kwenye nyasi bandia na kumpata msichana huyu pembeni mwa jicho. Alianguka, akainuka upesi, akaenda nyuma ya goli kutapika. Aliporudi alikuwa anacheka.

Alikuwa mwaka wa tatu, kiungo wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo ya chuo. Walimwita Sindano kwa sababu pasi zake zilipenya mahali ambapo hata uzi ungeona haya kupita. Muuguzi alitoka zahanati ya chuo, alipewa kazi ya kuhudumia timu, na kwa jinsi alivyokuwa hatoki bila mkoba wake wa bandeji, wasichana wakambatiza Plasta. Ilipojulikana kwamba hao wawili wanapendana, bweni zima lilicheka wiki nzima.

"Jamani, muuguzi kachomwa sindano!"

Tangu siku hiyo wachezaji wote walimwita shemeji.

Kocha alikuja kwa hatua ndefu, filimbi ikining'inia shingoni. Alikuwa mama wa makamo, mkali, ambaye hakuna mchezaji aliyewahi kumwona akikaa wakati wa mazoezi.

"Vipi, mwanangu?"

"Mzima, Kocha. Mpira umenigusa tu."

"Sikukuuliza wewe. Muuguzi, unasemaje?"

"Nitamwangalia kwa siku mbili hizi," alisema Plasta.

"Sawa. Mimi nataka fomu. Kama si mzima, anakaa benchi, fainali au si fainali. Sitaki mtoto wa mtu anifie uwanjani."

Ilikuwa Jumanne. Fainali ilikuwa Jumamosi. Kanuni ya ligi ilisema aliyeumia kichwa apumzike siku kumi na nne, isipokuwa muuguzi amesaini kwamba ni mzima.

Alhamisi asubuhi Sindano aliingia zahanati, akafunga mlango kwa kisigino.

"Umeniandikia?"

"Kaa kwanza. Umelala?"

"Nimelala kama gogo."

"Mwanga?"

"Mwanga gani?"

"Umeingia humu umefumba jicho moja. Mwanga unakuuma. Usinifanye mtoto."

Sindano alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Sauti yake ikashuka.

"Plasta, Jumamosi wateuzi wa timu ya taifa watakuwepo. Nahodha mwenyewe kaniambia wanakuja kuangalia namba yangu. Na mama anakuja. Unajua mama hajawahi kuniona nikicheza? Miaka mitatu. Kila mechi ana nguo za watu za kushona. Safari hii kafunga cherehani. Kasema, 'Nakuja nione hicho kijiti chako kinachokunyima kuolewa.'"

"Nikikusainia nikakupoteza, nitamwambia nini mama yako?"

"Hunipotezi. Dakika sitini tu. Mechi ikiisha nalala mwezi mzima, nitakuwa mgonjwa wako mpaka unichoke."

"Siwezi."

"Unaweza. Kalamu hiyo hapo."

"Usinifanyie hivi."

"Sijawahi kukuomba kitu, tangu tujuane. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi leo nakuomba. Kama unanipenda, saini."

Alikuwa analia. Plasta aliwahi kumwona amepasuka goti na ameteguka bega, na hata siku moja hakulia. Plasta akachukua kalamu. Mahali palipoandikwa "Hali ya mchezaji" akaandika neno moja: Mzima.

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha pili, Kipa wa timu alikuwa amelala akisubiri kufungwa kidole kilichoteguka. Alisikia kila kitu. Hakukohoa hata kidogo. Na yeye alitaka kombe.

Jumamosi Sindano alicheza mechi ambayo wenzake walisema hawajawahi kuiona. Robo ya tatu alifunga goli, moja pekee la mchezo. Robo ya mwisho, zikiwa zimebaki dakika nne, alisimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Gongo likamponyoka. Hakuna aliyemgusa. Alianguka kifudifudi, na Plasta alikuwa ameshaanza kukimbia kabla hajafika chini.

* * *

Damu ilikuwa imevujia ndani ya fuvu. Walimpasua jioni ileile. Kesho yake mchana, kwenye korido ya hospitali, mama yake alimwita Plasta. Alikuwa bado na gauni lake jipya alilojishonea kwa ajili ya mechi.

"Wewe ndiye muuguzi wao."

"Ndiyo, mama."

"Na ndiye ambaye mwanangu ananisimulia kila siku kwenye simu. Plasta kasema hivi, Plasta kasema vile."

"Ndiyo, mama."

"Basi niambie wewe, maana madaktari wa humu wananizungusha. Wanasema lilikuwepo jeraha la zamani kidogo. Mwanangu alikuwa mzima alipoingia uwanjani?"

Plasta aliangalia sakafu. Angeweza kusema alikuwa mzima. Fomu ilisema hivyo.

"Hakuwa mzima."

"Ulijua?"

"Nilijua. Aligongwa Jumanne. Nikasaini."

Mama hakupiga kelele. Alijishika ukutani, akakaa polepole kwenye kiti cha chuma.

"Na yeye? Alijua anaumwa, akaingia?"

Hapo ndipo Plasta alipovuka mahali ambapo hakuweza kurudi. Alimwona yule mama na gauni lake, akajua kwamba akijibu ukweli, mama huyu atabaki na hasira ya kumgawia mtoto aliyelala bila fahamu.

"Hakujua, mama. Nilimwambia amepona. Akaniamini."

"Ondoka mbele yangu."

"Mama..."

"Ondoka, baba, kabla sijakulaani. Na humu ndani usirudi."

Chuoni mambo yalikuwa yameshaharibika. Uvumi ulisema Kocha ndiye aliyemlazimisha mgonjwa acheze kwa tamaa ya kombe, na uongozi ukamsimamisha kazi. Plasta alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo, akasema yaleyale: Kocha alidai fomu kama inavyotakiwa, mchezaji hakuomba chochote, uzembe ni wake peke yake. Kocha akarudishwa. Plasta akafukuzwa, na leseni yake ya uuguzi ikasimamishwa miaka miwili.

Alipokuwa anatoka na mkoba wake, Kipa alimfuata mpaka kwenye ngazi.

"Shemeji, mbona umewaambia hivyo? Mimi nilikuwepo. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Alikuomba. Alilia."

"Hukusikia kitu. Akiamka atakuwa na mengi ya kubeba. Hili nimebeba mimi."

Kipa alitaka kubisha. Hakubisha. Kuficha lile kulikuwa kuficha la kwake pia.

* * *

Sindano alizinduka siku ya tisa. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, mguu wa kulia unaburuta, na maneno yalimjia moja moja kama watu wanaopanga foleni. Mambo ya utotoni aliyakumbuka yote. Wiki ile ya fainali haikuwepo kabisa. Jambo la mwisho alilolikumbuka ni Jumatatu, akifua soksi.

Kwa kuwa mama alikataza, Plasta aliandika ujumbe kila asubuhi, na kila asubuhi haukujibiwa. Mwezi wa pili ukaja mmoja, umeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi zimepishana:

"Njoo. Mama kaenda kazini. Nataka kusikia kwako."

Alimkuta wodini, kwenye kiti karibu na dirisha, nywele zimenyolewa upande mmoja. Alitaka kumshika. Sindano akainua mkono wa kushoto kumzuia.

"Mama anasema... ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia nimepona."

"Ndiyo."

"Mimi... sikuuliza? Sikuhisi kitu?"

"Uliniuliza. Nikakwambia ni uchovu tu."

Sindano alimwangalia muda mrefu. Machozi yalishuka jicho moja tu, la kushoto. La kulia lilikuwa limechoka hata kulia.

"Nilikuamini wewe... kuliko kichwa changu."

"Nisamehe."

"Nilikuwa na... lile neno. Lile la watu wanaochaguliwa."

"Nafasi."

"Nafasi. Usinisaidie maneno! Toka. Namba yangu... ifute."

Plasta alitoka. Aliteremka ghorofa nne kwa ngazi, lifti ikiwa wazi mbele yake. Kazi aliyoipata baada ya hapo ni ya kupanga makasha kwenye ghala la dawa. Dawa zilezile alizokuwa akiwapa watu kwa mkono wake, sasa alizibeba zikiwa zimefungwa.

* * *

Miezi mitano ikapita. Kipa alikuwa anakwenda kwa kina Sindano kila Jumapili kumsaidia mazoezi ya mkono, kukunja na kukunjua. Jumapili moja Sindano akasema, bila kinyongo, kama anayesema habari za hali ya hewa:

"Mimi sitaolewa na mtu. Nikimwona mwanaume ananiambia neno zuri, nauliza, huyu ananificha nini?"

Kipa aliacha kukunja ule mkono. Akaanza kulia kwa sauti.

"Wewe, una nini?"

"Dada, nimekukosea. Nilikuwa nyuma ya pazia."

Alimwambia yote. Kitanda, pazia, kalamu, "kama unanipenda, saini." Sindano alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba simu yake.

Ghalani, simu ya Plasta ililia, namba ikiwa ile ambayo yeye hakuwahi kuifuta.

"Uko wapi?"

"Kazini."

"Kesho saa kumi. Uwanjani. Uje."

Alimkuta kwenye benchi la wachezaji wa akiba. Wasichana walikuwa hawajaanza mazoezi. Mtunza uwanja alikuwa anamwagia nyasi bandia maji. Sindano alivaa sweta la timu na fimbo ya kutembelea aliiegemeza pajani.

"Kaa."

Alikaa.

"Nilikuomba?"

Plasta alianza kutikisa kichwa.

"Usiseme uongo tena. Kipa kaniambia. Nataka nisikie kinywani mwako."

"Uliniomba."

"Nililia?"

"Ulilia."

"Nilijua naumwa?"

"Ulijua. Tulijua wote wawili."

Sindano alivuta pumzi, akaiachia polepole.

"Ulidhani unanifanyia wema."

"Nilitaka usijilaumu."

"Plasta, kichwa changu kilininyang'anya wiki nzima. Halafu wewe ukaja ukachukua na kosa langu. Nimekaa miezi mitano naamini mimi ni kondoo aliyepelekwa machinjioni. Kumbe nilikwenda kwa miguu yangu. Ni kosa baya, lakini lilikuwa langu."

"Nilimtazama mama yako nikashindwa."

"Mama nimemwambia jana. Hakulala. Asubuhi kaniambia, 'Yule kijana nilimfukuza bure.' Nikamwambia hapana, si bure. Kalamu alishika yeye."

"Ni kweli. Nilishika mimi."

Maji yaliacha kumwagika. Uwanja wote ulinukia vumbi lililolowa.

"Nakupenda bado," alisema Plasta. "Sikuja hapa kukudanganya. Kama utaniruhusu..."

"Na mimi nakupenda. Hilo halikufutika, kwa bahati mbaya." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Lakini siwezi. Nikiwa na wewe nitaogopa siku nitakayokuomba kitu kibaya tena, maana utanipa. Na wewe ukiniangalia utakuwa unaangalia hiki kimkono. Tutahurumiana mpaka tuchukiane."

Plasta aliinamisha kichwa.

"Basi umeniitia nini?"

"Nataka wiki yangu. Wewe ulikuwa nami siku zote zile. Nipe."

Akamsimulia. Jumatano, jinsi Sindano alivyoazima miwani ya jua ya Plasta akaivaa ndani ya maktaba, na mkutubi akamuuliza kama yeye ni mwanamuziki. Alhamisi, neno kwa neno, bila kuruka. Ijumaa, mvua, na jinsi alivyompigia simu kumuuliza kama uzeeni atakuwa na kipara, kwa sababu anataka kujua mapema.

"Ulinijibu nini?"

"Nilisema babu yangu ana kipara mpaka shingoni. Ukasema itabidi ununue kofia nyingi."

Sindano alicheka, akashika mdomo.

"Na goli? Video nimeiona, lakini naona kama mtu mwingine. Nililifunga vipi?"

"Ulipokea mpira mstari wa katikati. Beki wao akakujia kwa pupa, ukaupitisha katikati ya miguu yake, ukamzunguka. Kipa wao akalala kushoto. Wewe ukausukuma kulia, polepole tu, kama mtu anayemsogezea mwenzake kikombe."

"Halafu?"

"Wenzako walikukimbilia, wewe ukawakwepa. Ulikuwa unamtafuta mama yako jukwaani."

"Nilimwona?"

"Ulimwona. Alisimama juu ya kiti, kavua kitambaa cha kichwa, anakipunga na kupiga kelele jina lako, lile la nyumbani. Ukainua gongo juu. Ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mtu yeyote."

Sindano alilia sasa, wazi, bila kuficha uso. Plasta naye alilia. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka sauti za wasichana zikaanza kusikika kutoka vyumba vya kubadilishia nguo.

"Asante," alisema Sindano. "Sasa ninayo."

Alishika fimbo, akainuka.

"Nikusindikize getini?"

"Hapana. Mama yupo kule. Akikuona atataka kukuomba radhi, na mimi nitarudi nyuma."

Alivuka uwanja polepole, mguu wa kulia ukiacha mchirizi kwenye nyasi iliyolowa. Alisimama mara mbili kupumzika. Mara zote mbili Plasta alijikuta amenyanyuka nusu kutoka kwenye benchi, na mara zote mbili akakaa tena.