Kope Mpya za Siwema

Mama alinituma mafuta ya taa kwenye duka la kijiji, wakati jua limeshashuka nyuma ya minazi ya Kirongwe.

"Nenda urudi, Mwatima. Usisimame na watu njiani. Mdogo wako asikae kizani."

Hakusema kwa nini. Mimi na yeye tulijua kwa nini.

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam, mwaka mmoja baada ya watu kuhamishwa kutoka mashambani na kupangwa kwenye safu za nyumba mpya za ujamaa. Dukani palikuwa na foleni. Nilijaziwa chupa yangu, nikaiziba kwa gunzi, nikarudi kwa hatua ndefu bila kukimbia, maana msichana aliyesoma akionekana anakimbia, watu huanza kuulizana nani kafa.

Siwema alikuwa barazani, ungo wa mchele mapajani, anachagua chuya. Aliponiona akacheka, akaanza na mchumba wake kama kawaida.

"Dada, mafuta umenunua au umekwenda kuyachimba? Hemedi wangu angekuwa ameshafika kisiwa cha Jibondo, amepeleka maji, na sasa hivi yuko njiani ana…"

Kope zake zilishuka. Zote mbili, kwa pamoja, taratibu. Vidole vyake viliendelea kupekua mchele, vikasita, vikasimama.

"Dada," alinong'ona. "Zimejifumba."

Adhana ya Magharibi ilikuwa bado.

Mwanzoni zilijifumba usiku tu, wakati wa kulala, na sisi tukafurahi. Baadaye zikaanza kushuka mara baada ya Isha. Jana zilishuka watu wakitoka kuswali Magharibi. Na leo mbingu ilikuwa bado ina rangi.

Niliweka chupa chini, nikajaribu kuinua kope ya kushoto kwa ncha ya kidole. Ilikuwa laini, nyembamba, ya uvuguvugu. Haikuwa imegandamana. Ilikuwa inavutwa, kama kuna mtu upande wa ndani aliyeishika na hataki kuiachia.

Mama alitoka jikoni, akamtazama, akatazama pembeni. "Usingizi huo," alisema. "Mwacheni apumzike."

Miezi mitatu kabla ya hapo, Siwema hakuwa na kope za kufumba.

Kikundi cha akina mama cha kijiji kilikuwa kikipika tui la kutolea mafuta ya nazi. Siwema alikuwa akikoroga. Karai likayumba, mafuta yakamrukia. Uso ulipona vizuri, ila kope za juu zilinywea, zikapanda, zikabaki huko huko juu. Alilala macho wazi. Kila alfajiri tulimwosha mchanga na usaha. Mganga wa zahanati alisema bila kupasuliwa Dar es Salaam atapofuka. Mimi nilikuwa nimemwona mtu mmoja huko mjini aliyeshonwa kope. Aliweza kuzifumba, lakini alimtazama kila mtu kama aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi. Siwema aliniuliza, nikamweleza hivyo hivyo.

"Basi sitaki," alisema. "Nataka zionekane ni zangu. Hemedi akinitazama karibu asione uzi."

Ndipo Mama alipomwita Bi Mwanaharusi.

Huyu ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake, na mkono wake wa sindano ulijulikana kisiwa kizima. Alifika asubuhi, siku iliyofuatia maziko ya Mwanahija, binti wa nyumba iliyo jirani na yake, aliyefia uzazini. Alikuwa na kibakuli kilichofunikwa kawa. Alitutoa nje. Tuliketi uani tukinusa kafuri, na ndani hapakusikika hata kikohozi.

Alipotoka alimwambia Mama neno moja. "Haitajulikana."

Na kweli haikujulikana. Vidonda vilipokauka nilizikagua kwa taa na kwa jua, nikitafuta kovu. Halikuwepo. Mkunjo ulikaa mahali pake. Nywele za kope zilikuwa ndefu, zimepinda kidogo kwenye ncha. Hata kile kimshipa cha kijani kilichopita kwenye kona kilionekana kimezaliwa pale. Shangazi yake Hemedi alikuja kumtazama bibi harusi, akamshika kidevu, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mashangingi nyie! Macho yote haya, mkatuambia ameungua? Mlitaka tukimbie mpate mwingine?"

Harusi ikapangwa.

Sasa Siwema aliketi barazani amefumba, mkono wake umeng'ang'ania wangu.

"Kuna giza?" nilimuuliza.

"Hakuna giza, dada. Laiti lingekuwa giza."

"Unaona nini?"

"Nyeupe. Kitambaa. Kiko karibu sana, kinanigusa pua. Na kuna uzi wa buluu… unapita ukingoni, huku kushoto."

Nilisikia harufu. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi. Ilitoka usoni pake.

Mwanahija alipofariki, duka la kijiji halikuwa na bafta ya sanda. Halmashauri ya kijiji iliamua likatwe jora lililoletwa kwa ajili ya mashati ya wanafunzi. Wanawake walinung'unika, lakini hapakuwa na kingine. Wakati huo nilikuwa nimekuja kwa wiki chache kumwuguza Siwema. Nilishika ncha moja ya kitambaa kilipokuwa kikikatwa. Kilikuwa na uzi wa buluu ukingoni.

Siwema hakukiona. Siku hiyo alikuwa amelala ndani, macho yake yamefungwa kitambaa chenye dawa.

Nikakumbuka na jambo la pili. Kwetu maiti akishakafiniwa, jamaa zake wa kike hufunuliwa uso wamtazame mara ya mwisho. Mwanahija hakufunuliwa. Bi Mwanaharusi alikuwa ameshafunga fundo la kichwani.

"Uso umebadilika," alituambia. "Msiufunue."

Mama yake Mwanahija alijipiga chini akiomba aonyeshwe. Hakuonyeshwa.

Nilimwacha Siwema, nikaenda. Safari hii nilikimbia.

Nyumba ya Bi Mwanaharusi ilikuwa ya mwisho, palipoanza mikorosho. Alikuwa amekaa mlangoni akinawa mikono kwa kata ya maji, ingawa sikuona chakula.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Zimeanza kushuka mapema?"

Sikuwa nimesema kitu.

"Ni za Mwanahija," nilisema.

"Punguza sauti. Mama yake anaswali hapo jirani."

"Zirudishe."

"Nizirudishe wapi? Kule kumeshafukiwa." Alijikung'uta maji. "Maiti hufumbwa macho, mwanangu. Ndiyo haki yake ya kwanza, kabla ya maji, kabla ya sanda. Yule hakufumbwa. Kope zinaidai kazi yao. Zitashuka mapema, na mapema zaidi, mpaka siku zisipande tena."

"Harusi ni Ijumaa!"

"Atakuwa harusini, na macho yake yatakuwa kule."

Nilikaa chini pale pale, kwenye maji aliyonawia.

"Mama alijua?"

"Mama yako alitaka kope ambazo mtu hawezi kuzitilia shaka. Hakuniuliza zinatoka wapi. Na mimi sikumlazimisha asikie."

"Bibi, fanya lolote. Nakuomba. Chukua unachotaka."

"Kope ya ndugu aliye hai haishuki," alisema polepole. "Damu moja, tumbo moja. Siwema akipata moja yako, jicho moja litabaki wazi. Lakini na wewe huwezi kukaa bila. Utachukua moja ya zile za maiti."

Mahali fulani kwenye mikorosho, kitu kilikwaruza majani makavu. Kikaacha.

"Itajulikana?" niliuliza. Nashangaa mpaka leo kwamba hilo ndilo nililouliza.

"Ya kwake ilijulikana?"

Alimtuma mtoto amwite Mama, akatandika mkeka. Mama alimleta Siwema akimshika mkono, na hakunitazama. Harufu ya kafuri ikajaa chumba. Bi Mwanaharusi akainama juu yangu, vidole vyake vya baridi kama vya mtu aliyetoka kuosha.

"Fumba macho," alisema.

Nikafumba. Ilikuwa mara ya mwisho kufumba kwa kope zangu mbili.

Harusi ilifanyika. Wanawake walisifu macho ya bibi harusi, na Hemedi alimtazama karibu sana, asione uzi. Mama anasema Siwema yu mzima, ila hakubali taa izimwe.

Nimerudi chuoni. Mwenzangu wa chumba aliniambia juzi kwamba jicho langu la kushoto limependeza, nimelifanya nini? Darasani mchana huegemeza shavu kwenye kiganja, wanadhani nasikiliza kwa makini. Leo kope imeshuka kabla ya Adhuhuri.

Nyeupe ipo. Ila imechakaa, imeingia madoa, na uzi wa buluu umekatika. Tangu jana kitambaa kinatikisika. Kinasukumwa kutoka ndani. Kwanza niliona vifundo vya vidole. Leo umetoka mkono mzima, wa mwanamke, unapapasa huku na huku, taratibu, kama wa mtu anayetafuta kitu chake.

Mkono ni mmoja. Kope ni mbili, na ya pili iko Kirongwe, usoni kwa Siwema.

Nimeacha dirisha wazi, mkono uingie bila shida. Nimekaa hapa, jicho moja linaandika, la pili limefumbwa, na namwomba Mungu mkono huo uanze na mimi.

Umenigusa.