Hadubini za Kuazima

Kama kuna mahali mtu hategemei kupata mchumba, ni mbele ya meza ya utumbo katika Soko la Majengo, Jumamosi asubuhi, nzi wamejaa na akina mama wanasukumana kugombea maini. Lakini mapenzi hayana adabu. Elieth alikuwa amepanga foleni kavaa dera la bluu na viatu vyeupe ambavyo hakupaswa kuvileta sokoni. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa kwa pasi, anabishana na muuza nyama. Alitaka macho. Macho ya ng'ombe, yote yaliyopo, na yasiwe yamechomwa kisu.

Muuza nyama alimuuliza bila kumumunya maneno kama yeye ni mganga. Foleni nzima ikacheka. Elieth hakucheka, maana jua lilikuwa linampiga utosini na foleni haisogei.

"Kaka, hayo macho unayapika au unayaangalia tu?"

"Nayapasua," alisema yule kijana, akageuka. "Nina wanafunzi ambao lenzi ya jicho wameiona kwenye picha tu. Vumilia kidogo, dada yangu. Maini hayana miguu."

Ndiyo hivyo walivyojuana. Kijana aliitwa Ludovick, mwalimu wa baiolojia wa Chuo cha Lusanje, chuo kidogo cha mabati mekundu ukishaipita Miyuji. Elieth naye alimwambia kazi yake, na Ludovick akabaki mdomo wazi na mfuko wa macho mkononi. Binti alikuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vyuo vidogo vya kanda ya kati na kupima kama shahada zao za baiolojia zina nguvu au ni jina tu.

Alimwachia nafasi yake kwenye foleni, akambebea kapu mpaka kwenye bajaji, akaomba namba. Jioni alipiga simu. Kesho yake alipiga tena. Elieth akiwa kwake Nkuhungu, kajilaza kwenye mkeka na kanga kifuani, alikuwa anamwita "Bwana Macho," na Ludovick anamwita "Mama Mkaguzi," anamuuliza leo kamkagua nani na kama kuna aliyefaulu. "Wewe bado una masomo ya kurudia," Elieth humjibu. Ludovick alimsifia kila kitu, hata rangi ya zambarau aliyokuwa anapaka kwenye kucha. Ikafika mahali wazee wa Ludovick wakapanga siku ya kwenda Kibaigwa kwa wazazi wa Elieth kupeleka posa.

Walikuwa na sharti moja, kwamba mambo ya kazi, ukiacha utani, hayazungumzwi. Na ratiba ya ukaguzi ilipotoka, Elieth alikwenda mwenyewe kwa mkuu wake, Mzee Bartolomayo, akamwamkia, akamweleza kwamba mwalimu wa Lusanje ni mchumba wake. Mzee alimwondoa Lusanje, akampa Chuo cha Nzogole. Lusanje akapangiwa mwenzake, Ernest. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Lawama zinakuja, na mimi ninazo za kutosha kwa wote wawili.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa vyuo vidogo analijua na hakuna anayelisema. Wakaguzi wakikaribia, vifaa vinaanza kusafiri. Chuo hiki kinakiazima kile mizani, kile kinaleta chupa za kemikali, na wote wanakutana usiku na gari la mtu kama wezi wa kuku. Elieth aliwahi kulikuta fuvu lile lile la plastiki katika vyuo vitatu, jino la mbele limevunjika, na kila mkuu wa chuo anaapa kuwa ni la kwao. Tangu siku hiyo alipata hila yake. Popote alipohesabu hadubini alizipindua moja moja, akijifanya anasoma namba, na kuweka nukta ya rangi yake ya kucha chini ya kitako. Siri hiyo hakumwambia mtu, hata Bwana Macho.

Nzogole aliweka nukta zake Jumanne. Hadubini zilikuwa safi, zimepangwa mezani, na wanafunzi wamesimama nyuma yake mikono mgongoni. Mwalimu wao, Castory, alijibu kila swali kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Jambo hilo lilimkera Elieth, lakini kukera si kosa la kuandikwa.

Ijumaa, Ernest akiwa ameshamaliza zamu yake Lusanje, Elieth alimpelekea mchumba wake chakula cha mchana. Alivaa gauni la kitenge la njano, kasuka nywele upya, mkononi hotipoti ya wali na mlenda. Alimkuta maabara anafuta vumbi, mikono ya shati imekunjwa. Wakataniana kidogo. Meza ilikuwa imejaa, hakuna pa kuweka chakula, Elieth akanyanyua hadubini moja ili aisogeze. Chini ya kitako kulikuwa na nukta ya zambarau.

Akapindua ya pili. Akapindua ya tatu. Akaweka hotipoti sakafuni.

"Ludovick, hizi hadubini ni za nani?"

Ludovick alizitazama zile nukta, akatazama kucha za mchumba wake, na rangi ikamtoka usoni. Alielewa. Mtu mwenye akili timamu angesema hapo hapo. Yeye alikohoa.

"Ni za hapa."

"Jumanne zilikuwa Nzogole. Nimezishika kwa mikono yangu. Kwa hiyo mmezifuata huko ili Ernest azikute hapa?"

"Sivyo."

"Basi ikoje?"

"Siwezi kukwambia, Elieth. Niamini tu."

Niamini tu! Jamani, wanaume. Kweli alikuwa nayo, nzima, ya kumwokoa. Hadubini zilikuwa za Lusanje tangu zamani. Ni Castory wa Nzogole aliyekuja kuziazima. Yeye na Ludovick walisoma pamoja chuo kikuu, pale Chimwaga, wakalala kitanda kimoja hosteli mwaka mzima kwa sababu Ludovick hakuwa na chumba. Castory alimsihi, akamwapisha asimwambie mtu, hasa huyo mchumba wake, maana chuo kikifungiwa na yeye kazi hana. Ludovick alishika kiapo kwa meno. Aliona kulisema ni kumchoma rafiki yake kwa mkaguzi. Hakuona kwamba kunyamaza ni kujichoma mwenyewe. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa ameuficha kweli kweli.

Elieth naye asidhani ataponea hapa. Hasira ilimpanda, akasema neno ambalo halikuwa na haja ya kusemwa.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa ngazi. Ulinipenda au uliipenda ripoti?"

Ludovick aliinama, akaiokota hotipoti sakafuni, akamrudishia mkononi.

"Kama hivyo ndivyo unavyonijua, chakula hiki si changu."

Elieth alitoka na wali wake. Jioni simu iliita, hakupokea. Jumamosi ikaita, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akalia mpaka kope zikavimba, kisha akakasirika kwamba simu imeacha kuita. Mama yake alipiga kutoka Kibaigwa kuuliza kama wageni watakula mbuzi au kuku. Akamwambia asubiri kidogo. Mama hakupenda jibu hilo, na alisema hivyo, kwa kirefu.

Ripoti za ukaguzi zilikuwa zinakwenda kikaoni Jumanne. Elieth alijua kinachokuja. Akinyamaza, atakuwa ameula uongo na ataolewa nao. Akisema, Lusanje itafungiwa shahada yake na posa imekufa. Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mzee Bartolomayo kabla hajavua koti.

Mzee alikuwa mtu wa Mvumi, mpole wa sauti, mwepesi wa kuudhika na vyuo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," alisema, akahema. "Mwanangu, hawa watu wataniua kwa presha. Tutajuaje nani kamwazima nani? Wote wataapa."

Hapo Elieth alitoa wazo, na alilitoa kwa uchungu, akijua linakwenda kummaliza Ludovick. Alisema kabati halina maana. Vifaa vinaweza kuazimwa, hata mwalimu anaweza kuazimwa, lakini mikono ya mwanafunzi haiazimwi. Waende bila taarifa. Wazichanganye zile hadubini mezani, wawape wanafunzi kitunguu, wawaambie waonyeshe seli. Anayezijua atajulikana.

Mzee alikubali, kwa sharti kwamba Elieth asimame mlangoni na asifungue kinywa.

Mchana ule ule walifika Lusanje, vumbi likivuma. Ludovick alikuwa darasani, kavaa lile lile shati la drafti, safari hii halikupigwa pasi. Alimwamkia Mzee, akampita Elieth kwa macho kama anayepita nguzo. Iliuma, tena sana, na Elieth alijilaumu kwa kuumia.

Mzee alizipanga hadubini ovyo, akaita wanafunzi. Wakaingia, kitunguu kikakatwa. Na hapo, kabla hata mtu hajaangalia seli, umeme ukakatika. Mzee alianza kusema basi tungoje. Hakuna aliyemsikiliza. Binti mmoja, Restuta, alikwenda moja kwa moja kwenye hadubini ya pembeni, akaikumbatia mpaka dirishani, akageuza kile kioo cha chini kikadaka jua. Bila kutazama alichomoa kipande cha karatasi mfukoni, akakikunja, akakipachika chini ya meza yake ndogo inayoshikilia kioo chenye kitunguu. Mzee alimuuliza hiyo karatasi ni ya nini.

"Hii huwa inateleza, mzee. Usipoipachika utaangalia ukuta."

Mvulana wa nyuma yake alipewa hadubini, akaikataa kwa heshima, akasema hiyo ni ya Denis na gurudumu lake linazunguka kinyume, yeye ameizoea ile yenye kovu la moto. Wakaanza kugombania kama watu wanavyogombania vijiko vya nyumbani. Kila mmoja alijua kilema cha ya kwake. Dirishani vichwa viliinama, na Restuta alimwita Mzee aje aone, akimwelekeza kwa kidole seli iko wapi na kiini kiko wapi.

Elieth pale mlangoni alikumbuka Nzogole, wale wanafunzi na mikono yao mgongoni, na karatasi zilizokunjwa alizozikuta chini ya hadubini akadhani ni uchafu, akazitupa. Hizi hazikuwa zimeazimwa na Lusanje. Ziliazimwa kutoka Lusanje. Alikuja kumfunga mtu, na kamba aliyoileta mwenyewe ndiyo iliyomfungua.

Basi afurahi? Hakufurahi. Mzee alipotoka nje kuongea na mkuu wa chuo, Elieth alimfuata Ludovick nyuma ya maabara, kwenye tanki la maji, na alikuwa amekasirika upya.

"Ni Castory aliyeziazima?"

"Umeshajua. Sijasema mimi."

"Ungesema Ijumaa ungekufa?"

"Niliapa."

"Na mimi je? Uliniacha nilale siku zote hizi nikikuona tapeli, kwa ajili ya kiapo cha Castory?"

"Wewe uliniuliza kama nilikupenda au niliipenda ripoti. Ningejibu nini? Mtu anayeweza kuuliza hivyo, hata nikimwonyesha risiti hataamini."

Hilo lilikuwa la Elieth, na alilibeba.

"Nilikosea," alisema. "Neno lile nimekuwa nalitafuna tangu Ijumaa, halimezeki. Nisamehe. Lakini na wewe ulijua anakwenda kunidanganya. Ulimpa zana za kunidanganyia mimi, Ludo."

"Nilijua. Nilijiambia naazima vyombo tu." Aliegemea tanki. "Nilikosea. Nitakwenda kumwambia Mzee mwenyewe, na Castory nitampigia nimwambie nimesema."

Akaenda kweli. Mzee Bartolomayo alimfokea mbele ya wanafunzi wake, kwa sauti ile ile ya upole, ambayo ni mbaya kuliko kelele. Lusanje walipewa onyo kali kwa kuazimisha vifaa. Baiolojia yao ilibaki, na Mzee aliandika kwa mkono wake kwamba ni programu maskini yenye nguvu. Nzogole walipewa mwaka wa kujirekebisha. Castory alitukana kwenye simu, akakata, kisha jioni akapiga tena kuuliza kama Restuta na wenzake wanaweza kuja siku moja kuwafundisha wanafunzi wake kushika hadubini. Ludovick alisema watakuja, mchana, na gari litaegeshwa mbele ya geti.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kabla ya kuondoka Lusanje, Elieth alikuwa ameshaketi kwenye gari, Mzee anapiga honi kwa kuudhika. Ludovick akaja dirishani.

"Mama Mkaguzi. Wazee wangu wanauliza. Kibaigwa waende, wasiende?"

Elieth alifungua mkoba, akatoa kichupa cha rangi ya zambarau. Akamshika mkono, akaugeuza, na juu ya ukucha wa dole gumba akaweka nukta moja, pole pole, akaipuliza ikauke.

"Waende," alisema. "Na mwambie Castory huyu haazimwi."